AM4, AM5 au LGA1700? Vipuri vinavyopatana kwa kompyuta yako ya kwanza ya magemu

Karibu kila anayetaka kujiundia kompyuta ya magemu huanzia kwenye kadi ya grafiki. Ndiyo inayosifiwa kwenye video, ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya pesa, na ni kweli ndiyo itakayoamua gemu lako litaonekanaje. Lakini kwenye suala la kupatana, kadi ya grafiki haina makuu. Sloti ya PCIe x16, yaani tundu refu la bodi linalopokea kadi, imebaki na umbo lilelile kwa takriban miaka 20. Kadi mpya itaingia kwenye bodi ya miaka minane iliyopita na mara nyingi itawaka.

Vinavyochagua wenzao ni vitatu: prosesa, bodi mama na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Hivi ni mafiga. Kimoja kikikosewa, chungu hakikai. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanzia hapo na utakaa hapo kwa muda, maana hapo ndipo anayeunda kwa mara ya kwanza hupotezea akiba yake, na akiba hiyo mara nyingi imekusanywa kwa miezi mingi.

Soketi: uamuzi unaofunga mengine yote

Soketi ni pale prosesa inapokaa kwenye bodi. Prosesa ya AM5 haiingii AM4, ya Intel haiingii kwenye bodi ya AMD, na hakuna adapta ya kuunganisha ukoo mmoja na mwingine. Ukishachagua soketi umeshachagua aina ya RAM, na umeshaamua kompyuta hiyo itapandishwa hadi wapi bila kung'oa bodi.

AM4 ya AMD ilitoka 2016, na prosesa za Ryzen zikaanza kukaa humo 2017. Ni soketi iliyodumu kuliko nyingi. Inatumia DDR4, kizazi cha RAM kilichotangulia DDR5, na vipuri vyake vilivyotumika vimejaa kila mahali. Ryzen 5 5600, yenye kori sita, bado inaendesha magemu mengi ya leo bila kuyumba. Ryzen 7 5800X3D ya 2022, iliyobandikiwa kumbukumbu ya ziada ya kashe (ile ya haraka ya prosesa yenyewe) juu ya chipu, ilifanya watu wengi waahirishe kuhama AM4 kabisa. Tatizo ni kwamba barabara imefika mwisho. Ukinunua AM4 leo, utakachoweza kuongeza kesho ni kile ambacho tayari kimeshatoka, tena vile vizuri zaidi vya X3D vimekuwa adimu.

AM5 ilikuja Septemba 2022. Inapokea DDR5 peke yake. Kilichonivutia kwake ni ahadi ya AMD ya kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea, na hadi sasa bodi moja ya AM5 inapokea Ryzen 7000, 8000G na 9000. Maana yake ni hii: unaweza kuanza na Ryzen 5 7600 kwenye bodi ya B650, ucheze miaka mitatu, halafu uchomoe prosesa hiyo na kuweka 9800X3D juu ya bodi ileile, RAM ileile, kipozaji kilekile kama kina uwezo. Hakuna kipuri kingine kitakachoguswa zaidi ya kusasisha BIOS, programu ya msingi ya bodi inayoiwasha kompyuta.

LGA1700 ya Intel ilizaliwa Novemba 2021 pamoja na kizazi cha 12, ikapokea cha 13 na cha 14, kisha ikafungwa. Hapa pana mtego unaohitaji macho. Bodi za LGA1700 ziko za DDR4 na ziko za DDR5, na majina yake yanafanana mno. Bodi mbili zinaweza kuitwa B760 zote, moja ikiwa na herufi D4 mwishoni mwa jina, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua RAM gani itaingia. Soma jina lote hadi herufi ya mwisho, kisha soma na ukurasa wa sifa zake.

Kuna jambo jingine la kusemwa wazi kuhusu soketi hii. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa nyingi za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipokea volteji kupita kiasi na kuharibika polepole. Ilitoa marekebisho kupitia BIOS, kwanza Agosti na tena Septemba mwaka huo, ikaongeza na miaka miwili ya dhamana. Marekebisho yanazuia uharibifu mpya. Yaliyokwisha kuharibika hayaponi. Kwa hiyo mimi nisingenunua i7 au i9 ya vizazi hivyo iliyotumika kama sijui ilikotoka. Kizazi cha 12 hakikuguswa na tatizo hilo, na Core i5-12400F bado ni chaguo safi la bei ya chini.

LGA1851, iliyotoka Oktoba 2024 na prosesa za Core Ultra 200S, naigusa kwa kifupi tu. Ni ya DDR5 pekee, ni nzuri kwa kazi za kuhariri video, lakini kwa magemu haikuwa hatua kubwa mbele ya kizazi cha 14. Kwa kompyuta ya kwanza ya magemu sioni sababu ya kuianzia.

Basi nani achukue ipi? Kama unanunua kila kitu kipya na unataka kompyuta itakayokua pamoja nawe, chukua AM5. Sisiti hapo. Kama tayari una RAM ya DDR4 mkononi, au umepata seti ya AM4 iliyotumika kwa mtu unayemwamini, AM4 ina akili zaidi, na pesa inayobaki ipeleke kwenye kadi ya grafiki. LGA1700 naiona kama chaguo la katikati: ichukue pale tu unapopata 12400F na bodi ya DDR4 kwa bei inayoishinda AM4 waziwazi.

Lakini usilinganishe bei ya prosesa na prosesa peke yake. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye seva za akili mnemba. Prosesa ya AM5 inayoonekana rahisi inaweza kuja na RAM inayokula tofauti yote. Jumlisha mafiga yote matatu kwanza, ndipo ulinganishe jumla kwa jumla.

Chipseti na BIOS

Ndani ya soketi moja kuna bodi za ngazi mbalimbali, kulingana na chipseti, yaani chipu za bodi zinazoamua ina uwezo gani. Kwa AMD, B650 au B850 inamtosha mchezaji wa kawaida. A620 ni ya kubana matumizi, na X670 au X870 zina bandari nyingi ambazo wengi hawatazigusa. Kwa Intel, Z790 ina maana kama prosesa yako ina herufi K na unataka kuisukuma kupita kasi ya kiwandani. Kama huna mpango huo, B760 inatosha. H610 huwa na sloti mbili tu za RAM na haikuruhusu kupandisha kasi yake, nami ningeikwepa.

Jambo la kuogopa zaidi ni BIOS. Bodi iliyotengenezwa kabla ya prosesa kutoka haiijui prosesa hiyo. Bodi ya B650 iliyokaa stoo tangu 2023 inaweza isiwake na Ryzen 9000, kama ambavyo B450 ya zamani haiwaki na Ryzen 5000 mpaka isasishwe. Soketi ni ileile, pini zinalingana, na bado skrini ni nyeusi. Dawa yake ni kununua bodi yenye BIOS Flashback: unaweka faili la BIOS kwenye flashi, unaichomeka kwenye tundu maalumu, unabonyeza kitufe, na bodi inajisasisha hata kama haina prosesa. Kwa anayeunda mara ya kwanza, kitufe hicho kina thamani kuliko taa zote za rangi.

RAM

DDR4 na DDR5 kwa macho ni mapacha. Zote zina migusano 288, zote zina urefu uleule. Kinachozitenganisha ni pengo dogo la chini, ambalo limehama kidogo. Ukiona RAM inakataa kuingia, usiikandamize. Aidha umeigeuza au si aina yake.

Nunua vijiti viwili vya ukubwa sawa, vilivyouzwa pamoja kwenye pakiti moja. Kijiti kimoja kinainyima prosesa nusu ya njia ya kupitisha data, na kwenye magemu utaona. Vijiti vinne kwenye AM5 navyo vina shida yake: mara nyingi kasi hulazimika kushuka ili mfumo utulie. Kwa hiyo GB 32 kama 16 na 16 inashinda GB 32 kama 8 mara nne. Kama mfuko hauruhusu, GB 16 kama 8 na 8 bado inacheza, ila magemu mapya yameanza kuibana.

Kwa AM5, kasi inayopendekezwa na wengi ni 6000 yenye CL30 (kipimo cha ucheleweshaji) na alama ya EXPO, mpangilio wa kasi wa AMD unaowashwa kwenye BIOS. Kwa AM4 ni 3200 au 3600. Kwenye bodi yenye sloti nne, vijiti viwili huwekwa kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Wengi huviweka viwili vikifuatana kwa kuwa vinapendeza, wakapoteza kasi bila kujua.

Kadi ya grafiki, na pale inapoanza kuchagua

Nimesema kadi haina makuu. Sasa niseme pale inapokuwa nayo.

Kwanza ni kumbukumbu ya kadi yenyewe. RTX 5060 Ti ya Nvidia inauzwa ya GB 8 na ya GB 16 kwa jina lilelile. RX 9060 XT ya AMD vivyo hivyo. Chipu ni moja, lakini gemu jipya likiwekwa picha za ubora wa juu, kadi ya GB 8 hujaa, na ikijaa huanza kuazima RAM ya kompyuta kupitia sloti ya PCIe. Hapo ndipo fremu zinapokatika ghafla hata kama wastani unaonekana mzuri. Kati ya hizo mbili, chukua ya GB 16 kama unaweza kuifikia, hata ikibidi ushuke ngazi ya prosesa.

Pili ni upana wa njia za data kati ya kadi na bodi, na hili halisemwi vya kutosha. RTX 5060 na 5060 Ti zina umbo la x16 lakini zinatumia njia nane tu kati ya 16. RX 9060 XT inatumia zote 16. Kwenye bodi mpya hutaona tofauti. Lakini kwenye B450 ya AM4, ambayo ni PCIe 3.0, kila njia ina kasi ndogo, na kadi ya njia nane yenye GB 8 inaumia mara mbili: inajaa haraka, na inapoazima RAM inapita kwenye mlango mwembamba. Ryzen 5 5500 na 5600G nazo zinakupa PCIe 3.0 hata ukiziweka kwenye bodi ya B550. Kwa mwenye AM4 ya namna hiyo, RX 9060 XT ya GB 16 inapatana zaidi.

Intel Arc B580, yenye GB 12, ni kadi nzuri kwa bei yake, ila inadai Resizable BAR, mpangilio unaoiwezesha prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, iwe imewashwa kwenye BIOS, na inaonyesha udhaifu ikifungwa na prosesa za zamani. Ningeiweka na AM5 au kizazi cha 12 kwenda juu, si na Ryzen 5 2600.

Pawasaplai si mahali pa kubana

Hapa, kwenye kifaa kinachogawa umeme kwa vipuri vyote, naomba unisikilize. Kipuri kibovu kingine kitakufa peke yake. Pawasaplai mbovu inaweza kuondoka na wenzake.

Hesabu si ngumu. RTX 5060 imepimwa wati 145, RTX 5060 Ti wati 180. Prosesa ya ngazi ya kati huongeza takriban 65 hadi 120 ikiwa na kazi. Kadi huruka ghafla juu ya kiwango chake kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo acha nafasi. Wati 650 kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika inabeba mfumo wa namna hii bila kuhangaika, na inabaki na nafasi ya kadi kubwa kidogo baadaye. Kadi kama RTX 4090, iliyopimwa wati 450, ni ulimwengu mwingine.

Alama ya 80 Plus, iwe Bronze au Gold, inaeleza umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haielezi kama vipuri vya ndani ni imara wala kama kinga dhidi ya shoti ipo. Pawasaplai ya Bronze yenye kinga kamili na dhamana ya miaka mitano ni bora kuliko ya Gold isiyojulikana.

Kisha viunganishi. Sloti yenyewe hutoa wati 75, kiunganishi cha pini 8 hutoa 150, na kile kipya cha pini 16 hufika 600. Kadi ikidai viwili vya pini 8, tumia nyaya mbili tofauti. Kiunganishi cha pini 16 kisukume mpaka kikae kabisa, na usiukunje waya karibu na mdomo wake. Tangu mwishoni mwa 2022 zimeripotiwa kadi zilizoyeyuka sehemu hiyo, na kutokuingia vizuri ni moja ya sababu zilizotajwa.

Na nyaya za kuchomoka: kamwe usichanganye za pawasaplai moja na nyingine. Upande unaoingia kwenye kadi au diski unafuata kiwango kimoja, lakini upande unaoingia kwenye pawasaplai hauna kiwango. Pini zinaweza kuingia sawasawa huku volti 12 zikienda mahali palipotarajia 5. Rafiki yangu alibadilisha pawasaplai akaziacha nyaya za zamani kwa kuwa zilikuwa zimepangwa vizuri ndani ya kasha. SSD, diski ya kuhifadhia, yenye picha zote za mwanawe haikuwaka tena.

Kasha, kipozaji na SSD

Bodi ya ATX ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244, mini-ITX ni 170 kwa 170. Kasha kubwa hupokea bodi ndogo, kinyume chake hakiwezekani. Kwa mara ya kwanza kwepa mini-ITX: kila kitu kimebanana na mkono haupiti.

Pima vitu viwili. Urefu wa kadi, kwa kuwa zenye feni tatu hupita milimita 300, na kama unaweka rejeta ya kipozaji cha maji upande wa mbele, yenyewe na feni zake hukata takriban milimita 52 ya nafasi hiyo. Na kimo cha kipozaji: mnara mkubwa kama Noctua NH-D15 unafika milimita 165, na kuna makasha mengi ambayo mlango hautafunga.

Vipozaji vingi vya AM4 vinaingia AM5, mradi vinatumia bamba la nyuma lililokuja na bodi. LGA1700 ilibadilisha nafasi za matundu ikilinganishwa na LGA1200, kwa hiyo cha zamani kinahitaji vishikizo vipya. Ryzen 5 7600 huja na kipozaji chake kwenye boksi, 7600X haiji nacho, na herufi hiyo moja imewakwamisha wengi siku ya kuunganisha. Na ukitoa kipozaji kwenye AM4, kizungushe taratibu kwanza kabla ya kukivuta, kwani pini ziko kwenye prosesa na inaweza kung'oka pamoja nacho.

SSD ya M.2, ile nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi, isikuchoshe. Hakikisha ni NVMe, inayopita kwenye PCIe, na si SATA ya zamani iliyo polepole, maana zote zina umbo moja, na PCIe 4.0 inatosha, 5.0 haitabadilisha sana muda wa gemu kufunguka. Soma tu kitabu cha bodi, kwani kuna sloti za M.2 ambazo zikitumika huzima baadhi ya bandari za SATA.

Siku ya kuwasha

Waya wa skrini uingie kwenye kadi ya grafiki, si kwenye bodi. Prosesa za Intel zenye F na Ryzen za AM4 zisizo na G hazina grafiki ya ndani, kwa hiyo tundu la kwenye bodi halitaonyesha chochote. Ryzen 7000 na 9000 nyingi zinayo ndogo, nayo ni msaada mkubwa siku kadi ikileta wasiwasi.

Kama ni AM5, jiandae kusubiri. Bodi huizoesha RAM mara ya kwanza, na skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa, wakati mwingine inajizima na kujiwasha. Nilipowasha yangu ya kwanza nilidhani nimeua prosesa. Nikaizima katikati, nikatoa RAM, nikairudisha, nikawasha, nikaizima tena. Kila nilipoizima, kazi ile ilianza upya. Iliwaka usiku ule nilipokata tamaa na kuiacha peke yake nikaenda kula.

Ikishawaka, ingia BIOS kabla ya kuweka Windows. Washa EXPO au XMP, mwenzake wa Intel, kwa sababu RAM uliyoilipia kasi ya 6000 huja ikikimbia 4800 mpaka uiambie. Hakikisha Resizable BAR imewashwa. Halafu, ndani ya Windows, fungua mipangilio ya skrini na uangalie idadi ya hezi, yaani mara skrini inavyojichora upya kwa sekunde. Skrini ya hezi 144 mara nyingi huanza ikiwa 60, na kuna watu wamecheza mwaka mzima hivyo.